Mwalimu Aminiel Nnko na Kabati Lake la Nguo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mwalimu Aminiel Nnko atastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu cha ukarimu hapa Themi kwa miaka thelathini na moja. Alikuja kufundisha Kiingereza cha hotelini wakati chuo kilikuwa na darasa moja na jiko la kuazima. Anaondoka akiwa mkufunzi wa zamani kuliko wote, na kwa kadiri tulivyoweza kuthibitisha, wa zamani kuliko hata uzio wetu.

Alizaliwa juu kidogo ya Kikatiti, katika familia ya wakulima wa kahawa na ndizi. Baba yake alitamani awe mchungaji. Mwalimu mwenyewe husema kwamba alikwepa joho moja akaangukia kabati zima la nguo.

Kabati hilo linajulikana na kila aliyepita hapa. Lilianza na somo ambalo wanachuo walikuwa wakilifeli kila muhula: maneno ya Kiingereza yanayohusu mavazi. Kwa Kiswahili tunasema nguo, tukamaliza. Nguo iko dukani kwenye jora, nguo iko kwa fundi, nguo iko kambani inakauka. Mgeni anayezungumza Kiingereza ana neno lake kwa kila hatua ya safari hiyo, na Mwalimu Nnko aliona kwamba kuyaandika ubaoni hakusaidii. Lazima mtu aishike nguo mkononi.

Basi asubuhi moja aliingia darasani na kipande cha kitenge begani, akasema hiyo ni "cloth", yaani kitambaa tu, hakijawa vazi la mtu yeyote. Mchana wake darasa zima likamfuata hadi kwa fundi wa Kimandolu kushuhudia mkasi ukipita. Juma lililofuata mkewe, Mama Anjela, aliingia darasani amevaa kitenge kile kile kikiwa gauni, na sasa jina lake ni "dress". Akageuka mara moja mbele ya ubao na kusema, "Haya, mmeshaona, mimi naenda sokoni." Gauni lile lilipochakaa miaka baadaye, Mwalimu alilikata vipande na kukirudisha kimoja darasani kama kitambaa cha kufutia ubao. "Kimestaafu," aliwaambia wanachuo. "Kimerudi kuwa 'cloth'."

Hatuwezi kuacha kutaja siku ya wakaguzi. Walipofika bila taarifa, walimkuta kwenye veranda amevaa joho la kuogea la hoteli juu ya suti na tai, akieleza kwa nini mgeni anaweza kufungua mlango wa chumba nalo lakini hawezi kushuka nalo kwenye chakula cha jioni. Mkaguzi mmoja aliuliza kama mwalimu anaumwa. Wanachuo wakajibu kwa pamoja kwamba anafundisha. Alama za somo hilo mwaka ule zilikuwa nzuri.

Lakini jambo ambalo wafanyakazi wengi walituomba liandikwe hapa ni la Loishiye.

Loishiye alikuwa mwanachuo wa mapokezi kutoka Oldonyosambu, mtulivu, aliyefanya mazoezi ya kupokea simu akiwa peke yake koridoni. Ili kupata cheti alihitaji msimu mmoja wa mafunzo kwa vitendo katika dawati la mapokezi la hoteli. Jumamosi moja meneja wa hoteli kubwa iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, Bwana Arnold, alikuja kuchagua wanachuo watatu. Ilikuwa nafasi ya mwisho msimu ule. Wenzake walikuwa wamevaa sare. Loishiye alikuwa amefika moja kwa moja kutoka nyumbani, kwenye shughuli ya ukoo, na alikuwa amevaa shuka zake za Kimaasai.

Bwana Arnold alipomwona alifurahi kweli. "Huyu huyu!" alisema. "Huyu nitampa mkuki asimame getini. Wageni watampenda. 'Costume' tayari anayo!"

Darasa likacheka. Mmoja akadakia, "Loishiye, usisahau ng'ombe, bwana!" Loishiye naye alicheka kidogo, kisha akatazama viatu vyake. Alijua, kama walivyojua wote, kwamba msimu mzima wa kusimama getini usingehesabiwa kuwa mapokezi, na kwamba angerudi nyumbani bila cheti. Kukataa nako kungemwacha bila hoteli.

Mkuu wa chuo wakati huo, Mama Hedwiga, alimsogelea Mwalimu Nnko na kumnong'oneza, "Mwalimu, tafadhali usituharibie. Hoteli hii inachukua wanachuo wetu kila msimu." Hofu yake ilikuwa na sababu, na hakuna aliyemlaumu.

Mwalimu hakubishana. Alimwomba Bwana Arnold akae dakika chache aone somo, akafungua kabati. Akatoa koti jekundu lenye manyoya meupe, na kofia yake, vazi la Baba Krismasi alilolipata kwenye mitumba ya soko la Kilombero. Akamkabidhi mgeni. Bwana Arnold ni mtu wa furaha. Alilivaa, akavaa na kofia, darasa likaangua kicheko mpaka wapishi wakaja dirishani.

"Umependeza," Mwalimu alimwambia. "Hiyo sasa ndiyo 'costume'. Mtu anaivaa ili aonekane ni mwingine. Kaa nayo hivyo hivyo mpaka jioni, Bwana Arnold, wageni wapige picha."

"Aa, Mwalimu!" Bwana Arnold alisema huku akicheka. "Mimi si meneja?"

"Na huyu ni wa mapokezi," alijibu Mwalimu Nnko. "Hizo alizovaa ni nguo zake. Ametoka nazo kwao."

Hakupaza sauti. Kicheko kikapungua chenyewe. Bwana Arnold akavua kofia, akavua koti, akalikunja vizuri kabisa na kuliweka juu ya meza. Akachukua majina ya wanachuo wengine wawili, akaaga kwa adabu, akaondoka bila kusema lolote kuhusu Loishiye.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Jumatatu Mwalimu Nnko alizunguka mwenyewe kwa miguu hoteli za mjini kumtafutia Loishiye nafasi, na jioni alirudi mikono mitupu. Jumanne hivyo hivyo. Katika chumba cha wakufunzi wapo waliosema, tena si kwa ubaya, kwamba kijana angesimama tu pale getini mambo yakaisha. Mwalimu aliwajibu kwamba kesho ataanzia upande wa Njiro.

Hakufika Njiro. Jumatano asubuhi simu ya ofisi ya Mama Hedwiga iliita. Alikuwa Bwana Arnold. "Mama, mleteni yule kijana," alisema. "Dawati la mapokezi. Na aje na viatu vyeusi."

Viatu vilipatikana. Koti la suti halikupatikana, hivyo Mwalimu alitoa la kwake. Mikono ilikuwa mirefu na fundi wa Kimandolu akaikata, jambo lililomaanisha kwamba koti halingeweza tena kumrudia mwenyewe. Kwa miezi kadhaa Mwalimu Nnko alikwenda kanisani na sweta, na walipomwuliza alisema baridi ya Meru inataka sweta.

Yapo mengine ya kumshukuru. Chumba chetu cha kufulia kipo kwa sababu yake. Kwaya ya wafanyakazi ipo kwa sababu yake, ingawa besi wanasema angewahurumia kidogo. Wanachuo aliowafundisha wako katika hoteli kutoka hapa hadi Karatu, na wengi wao wamethibitisha kuja kwenye sherehe ya kumuaga.

Loishiye leo ni msimamizi wa mapokezi katika hoteli ile ile, na Bwana Arnold huwasimulia wafanyakazi wapya habari ya lile koti jekundu, akijicheka mwenyewe. Wanachuo wetu bado wanapokelewa huko kila msimu, na kila mmoja hupangiwa kazi aliyosomea. Getini kuna mlinzi. Amevaa sare ya mlinzi.

Mwalimu Nnko, asante kwa subira yako na kwa kila nguo uliyotuvalia. Mungu akupe afya wewe na Mama Anjela, migomba yenu izae, na kahawa ipate bei. Siku ukipita Themi, ingia tunywe chai. Kaa salama, Mwalimu wetu.