Mpini wa Inchi Tano

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya karakana ya visu. Mimi ndiye ninayeuza kahawa, na kahawa yangu ina kasoro moja tu: akiinywa mtu, anajiona mjuzi. Mfua visu tunamwita Cheche. Kinyozi wa pembeni tunamwita Redio, maana hazimiki. Fundi cherehani ni Futi, kwa sababu futi yake haimtoki shingoni hata akisinzia. Asubuhi ile Cheche alikuwa amepakata kipande cha mpingo, cha mwisho alichonacho. Mama mwenye bucha ameagiza kisu. Cha dukani kilimponyoka kikamchana kiganja, naye akasema na hiki kikimponyoka, mtaa mzima utajua nani amekitengeneza. Tunamjua. Angewaambia hata mbuzi kabla hajawachinja.

Alikuwa amemwachia Cheche kikaratasi: mpini inchi nne na nusu, ongeza nusu ya kusugua.

Redio akasema vipimo ni vya waoga. Mpini uwe wa mikono miwili.

— Mkono mmoja haulei mwana, akasema.

— Anakata nyama, nikamwambia. Halei.

Hakunisikia. Akaendelea kwamba mpini mnene una faida nyingine: kisu kikianguka, kitatanguliza mpini, kama paka anavyotanguliza miguu. Futi akamshauri amnunulie mama paka, habari iishe. Redio akahama hapo, akadai mbao hunenepa zikishikwa na watu wanene, kwa hiyo mama akatiwe mpini mwembamba, utajijaza wenyewe. Nikammiminia kahawa nyingine ili anyamaze. Nilikosea.

Cheche alikuwa hacheki.

— Jamani, mti ukizidi nitaupunguza kwa tupa. Ukipelea, nitauongeza kwa mate?

— Bandu bandu huisha gogo, akasema Redio. Kwa hiyo weka gogo lote.

Hapo Futi akasimama kwa heshima zake zote, akavua futi shingoni, akailaza juu ya mpingo. Akasogeza miwani, akatafuta namba tano, akapiga mstari wa chaki ulionyooka kuliko maisha yake. Cheche akaubana mti, akaweka msumeno juu ya mstari.

Ndipo mama mwenye bucha akatokea, na aproni yake, kiganja kimefungwa bendeji. Akanipa shikamoo, nikaitikia. Akainama kuutazama mti wake. Futi ilikuwa bado imelala pale, akaishika ncha.

— Mzee wangu, hii inaanzia mbili. Moja iko wapi?

Msumeno ukatulia. Futi akajieleza kwamba ncha ililiwa na mkasi zamani, na haina neno. Miaka thelathini anampima mtu kwa futi hiyo, na kitambaa kwa futi hiyo hiyo, na hakuna aliyewahi kurudisha suruali. Hapo hakudanganya. Hata gauni nililovaa ni kazi yake, na limenikaa.

— Mimi hukunipima wewe, mama akasema. Nimejipima nyumbani kwa rula ya shule ya mwanangu. Kwa hiyo moja yangu iko wapi?

Futi akaitazama futi yake kama mtu aliyeambiwa mkewe ana jina jingine. Nikamgeukia Redio, ambaye ana jibu hata la swali ambalo halijaulizwa. Alikuwa anapuliza kikombe kitupu.

Mama hakungoja. Akaweka mkono wake wa bendeji juu ya mpingo, polepole, akakunja vidole kimoja kimoja. Vitatu vikakaa. Kidole kidogo kikaangukia ng'ambo ya chaki, upande wa kukatwa.

Cheche akauinua msumeno. Akalamba kidole gumba, akaanza kuufuta ule mstari.