Mwalimu Kabati na Rafu Zake Tano

Ndugu, majirani na nyote mliokuja ili tusilie peke yetu, huyu tunayemsindikiza leo, mwalimu wa baiolojia ambaye wanafunzi walimwita Kabati, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule mwaka 1959, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1973, kisha akafundisha sekondari moja hadi kustaafu, akiwa na kabati darasani, la rafu tano za chupa za vielelezo, kila rafu na himaya yake, yaani kundi kubwa la viumbe hai: wanyama, mimea, fangasi, protista, na bakteria, ambao kwa udogo wao chupa yao ilionekana tupu, wanafunzi wakauliza kama wenyewe wamekwenda likizo.

Alipokuja kuposa mwaka 1976, alimkuta mama wa binti, mwoka mikate, akikanda unga, na badala ya kusifia mikate akasema hamira ile ni kiumbe hai, tena himaya moja na uyoga, mama akanuna, akasema hamtoi binti yake kwa mtu anayeingia jikoni kwa watu na kudai wanauza wadudu. Kijana hakubishana, kesho yake alirudi na chupa na puto, akatia hamira, sukari na maji ya uvuguvugu, akalivisha puto mdomoni mwa chupa, wakangoja mpaka puto likavimba na kusimama lenyewe, naye mama akalitazama weee, akasema haya, kama kinapumua kina uhai, walete wazee wako tuzungumze, na ndoa ikafungwa tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa mabinti wawili, mmoja nesi, mwingine fundi umeme.

Hata ukweni hakuacha ualimu, kila akikuta uyoga kwenye kapu la mchicha aliutoa, akisema huu si mmea, haujitengenezei chakula, mpaka mama mkwe akamwuliza, na wewe baba, unayekula kwangu kila Jumapili, nikuweke rafu gani, akajibu, ya wanyama, mama, nafasi ipo, nyumba nzima ikacheka.

Februari mwaka huu ugonjwa wa mapafu ulimzidia, na daktari alipotaja bakteria, alituomba tusiwachukie wote kwa kosa la ukoo mmoja, maana wengine ndio wanaotugandishia maziwa, akatutoka Jumanne iliyopita alfajiri, mkono wake mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani waliotuletea viti na maji, na walimu wenzake waliolibeba kabati lake hadi nyumbani bila kuvunja chupa hata moja. Jana mama mkwe wake, ambaye miaka yote hamira yake ilikaa pamoja na chumvi, alichukua kopo lake, akalipandisha rafu ya fangasi, ubavuni mwa uyoga, akasema asiliguse mtu.

Pumzika, baba, kila kitu kiko mahali pake.