Simu za Januari za Shangazi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka kumi na saba kazini, Shangazi wa kitengo chetu cha taarifa za kodi anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye mkataba wa ajira, na nadhani limebaki huko huko. Kwetu sisi, kwa wauzaji, hata kwa maofisa wa mamlaka ya kodi, yeye ni Shangazi tu.

Alipoajiriwa, soko letu la mtandaoni lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Feni ilizunguka ikipenda, na harufu ya gundi ilipanda kutoka chini hadi vichwa vikauma. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko. Aliweza kumpoza mteja aliyeletewa sufuria isiyo na mfuniko mpaka mteja huyo akaagiza na sufuria ya pili. Nikikikumbuka chumba kile, kwanza nasikia kicheko chake.

Kisha ikaja sheria mpya. Kila mwaka, sisi wenye soko tulitakiwa kuipelekea mamlaka ya kodi taarifa za kila muuzaji wetu: jina, namba ya mlipakodi, akaunti ya benki na mauzo yake yote ya mwaka uliopita. Wengi tuliikwepa kazi hiyo kama ukoma. Shangazi akajitolea, eti kwa sababu iliambatana na meza ya dirishani.

Mwaka wa kwanza taarifa zilikwenda kwa wakati, tukapongezana na kula keki. Haukupita muda, akapanda ngazi mshonaji mmoja tuliyezoea kumwita Mama Mapazia, machozi yakimlengalenga. Ameitwa na mamlaka ya kodi aeleze mauzo ambayo cherehani moja haiwezi kuyafikia hata ikishona usingizini. Kumbe ndani yake mlikuwa na viti, viatu na asali. Mtaani kwao yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akaunti kwetu, basi seremala, fundi viatu na jirani mfuga nyuki wakauzia humo, naye akawagawia chao. Yeye aliona ni ujirani mwema. Taarifa yetu ilimwonyesha kama tajiri aliyejificha.

Mwanasheria wetu alisema hatuna kosa. Shangazi hakuridhika. Kwa ile sauti yake ya upole inayotisha, aliuliza ni nani kati yetu aliyempigia mama huyu kumweleza tunapeleka nini kwa jina lake. Hakuna aliyekuwa amempigia. Akachukua mkoba wake, akaenda mtaani kwao, akakaa kwenye benchi la seremala na kumfungulia kila mmoja akaunti yake, hadi yule mfuga nyuki aliyekataa katakata kupigwa picha. Halafu akatuma taarifa ya marekebisho na kumsindikiza Mama Mapazia mpaka kwa ofisa. Walirudi wakicheka kama mtu na dada yake. Mapazia ya ofisi yetu ya sasa ni kazi ya mama huyo.

Hapo ndipo zilipoanza simu za Januari. Kabla taarifa hazijaondoka, Shangazi huwapigia wauzaji wapya na wale ambao mauzo yao yamepanda ghafla, akawasomea kinachokwenda kwa majina yao na kuwauliza kama ndivyo. Haanzi na kodi hata siku moja. Anaanza na hali ya nyumbani, watoto, mgongo wa bibi, ndipo kodi inapoingia taratibu. Muuzaji mmoja wa birika alimwalika harusi ya bintiye, na huko akawekwa kwenye viti vya ndugu. Tulimtania kwamba anapiga soga kwa hela za kampuni. Alitujibu kwamba si haki mtu asikie habari zake mwenyewe kwa mara ya kwanza kutoka serikalini.

Alipotangaza kustaafu, likaletwa pendekezo: simu ziishie hapo, mfumo utume ujumbe mfupi, basi. Ni nafuu, na sheria inaridhika. Shangazi hakubishana. Alikunjakunja ncha ya mtandio wake akitazama dirishani, nami sijawahi kumwona mnyonge vile. Iliniuma sana.

Wiki iliyopita akaja na mumewe, fundi saa, kufungua akaunti ya kuuza nguo za watoto anazoshona. Tulikuwa hatujamaliza kuandika namba yake ya mlipakodi, mzee akauliza, bila wasiwasi wowote, kama na yeye atauzia saa zake humo humo, maana mke si wake? Shangazi alishika kichwa. Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kama mambo ni hayo nyumbani kwa Shangazi mwenyewe, pendekezo lile lisirudi tena mezani.

Shangazi, asante kwa yote, na kwa kila uliyemtuliza tukiwa tumejificha nyuma ya kompyuta. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na wateja wasioomba kupunguziwa bei. Meza ya dirishani nimerithi mimi. Januari simu ya kwanza ni yako. Nitakuuliza hali ya nyumbani, nitakuuliza wajukuu, wala sitakuwa na haraka. Mwisho nitakuuliza zile saa ni za nani.