Gunvor Tranberg na Taa za Barabara ya Hospitali

Baada ya miaka thelathini na minne ya kusimamia taa za kuongozea magari hapa jijini Aarhus, Gunvor Tranberg anastaafu tarehe 30 Juni.

Wengi mnamjua kwa kahawa yake chungu na baiskeli yake isiyo na kengele. Mimi namkumbuka zaidi kwa asubuhi ile ya Februari alipoziunganisha kwa mara ya kwanza taa zote za barabara iendayo hospitali, zifanye kazi kwa mpango mmoja. Tulipanda basi la Villads, dereva aliyezoea kusimamishwa na kila taa. Ya kwanza ikawaka kijani, ya pili ikafuata, ya tatu, zikitufungulia njia hadi langoni. Villads akanong'ona, "Gunvor, umezilisha nini hizi?" Nilistaajabu.

Sifa zikamiminika. Mabasi yaliwahi, wagonjwa walifika upesi, moshi ulipungua. Kisha akapiga simu mzee Asger, mkazi wa mtaa wa pembeni, akilalamika kwamba hawezi tena kuvuka barabara hiyo. Gunvor alikwenda kuvuka naye. Mzee alijikokota na kigari chake cha kutembelea. Taa ya waenda kwa miguu ikawa nyekundu wakiwa katikati, wakabaki wawili kwenye kijukwaa cha zege, theluji ikiwachapa.

"Mabasi yako yanapaa, mwanangu," mzee akamwambia. "Mimi umenigeuza sanamu."

Kesho yake Gunvor aliomba mpango ulegezwe. Wakuu wakasita, maana muda uliookolewa ulikwisha kutangazwa magazetini.

"Muda ule hatukuuzalisha," akawajibu kwa upole. "Tuliuchukua kwa Asger."

Wakuu wakakubali. Kiangazi kizima alizifundisha taa kumngoja mwenda kwa miguu wakati basi likiwa bado mbali. Mabasi yakapoteza sehemu ya kasi yao, na wapo walionung'unika. Lakini mimi nilikuwapo Asger alipovuka hadi ng'ambo kwa mwendo wake mwenyewe, msururu mzima wa magari umetulia, hakuna hata honi. Nilistaajabu kuliko siku ile ya basi.

Gunvor, ahsante kwa kutufundisha kuuliza ni nani anayesubiri. Kuanzia Julai utavuka barabara zetu kama mkazi mwingine yeyote. Vuka bila haraka. Afya njema na siku nyingi za raha ziwe nawe.