Zadock Odindo Hakuchanganya Chupa

“Mama, hiyo maneno ya ng'ombe ikisomwa mbele ya watu, kesho watoto wa mjomba Absalom wako kwa zizi yetu na kamba, na mimi nitasomesha hawa watoto na nini?” Hivyo ndivyo Dorca, mjane wa marehemu, alimwambia mama mkwe wake Beldina jana asubuhi, wakiwa wamekaa chini wanachambua mchele wa wageni, na Beldina akamjibu, “Dorca mtoto wangu, ile karatasi yenu ya kusoma kwa mazishi imesema bwana yako aliacha kazi, na hakuacha, alifukuzwa, na haikuwa makosa yake, sasa unataka tumzike na hiyo pia?” Dorca alisukuma sinia akaenda kulia jikoni, na hiyo karatasi ya kwanza ikawekwa kando, na hii mnasikia sasa ni vile Beldina amesema mwenyewe na mjukuu wake Milka akaandika, kwa sababu Beldina hajawahi kushika kalamu, lakini hakuna kesi ya hii boma ambayo imempita.

Marehemu Zadock Odindo alizaliwa tarehe tisa Aprili 1948, tarehe iko kwa kadi ya ubatizo, hapa nyuma ya soko la Awasi, mvua ikiwa imefanya Kano yote tope, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Enos na Beldina, ambaye hapa kwa bwana yake mnamwita Nyar Seme kwa sababu alizaliwa Seme. Alianza shule ya misheni mwaka 1957, akamaliza 1964, akasoma sekondari mpaka kidato cha pili, baba yake akafa, karo ikaisha, lakini mwaka 1968 akachukuliwa chuo cha mifugo, na Desemba 1970 akarudi na cheti, buti za mpira, na mazoea ya kufungua mdomo ya kila ng'ombe kuangalia meno, hata ng'ombe ya mtu ambaye hajamwita.

Aliandikwa kazi kwa dipu ya Awasi, pale ng'ombe zinaogeshwa dawa ya kupe, na miaka kumi na tatu alikuwa anasimama pale kwa maji ya dawa akihesabu ng'ombe, na mtu akisema yangu ni nane, Zadock anamwambia, “Mzee, ni tisa, ile ya mkia mfupi umeiacha nyumbani, irudie.” Tarehe kumi na mbili Desemba 1974 alimuoa Dorca kanisani, na Mungu akawapatia watoto watano, wasichana watatu na vijana wawili, wote wako hapa mbele yenu.

Mwaka 1984 ulikuja Kisumu mradi wa kuchunguza mbegu ya ng'ombe wetu wa kienyeji, hii ndogo ya nundu ambayo watu walikuwa wanacheka, na ofisi yao ilikuwa barabara ya kwenda Dunga, na kati ya watu wa hapa Zadock ndiye walichukua wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kuzunguka boma kwa boma, anatoa damu kwa shingo ya ng'ombe, anaweka kwa chupa ndogo, anabandika namba, halafu anauliza mwenyewe, hii mama yake ni nani, na nyanya yake ni nani, anaandika kwa kitabu. Jioni akija alikuwa anaelezea mama yake kama mtu anaelezea mtoto, kwamba ndama imebeba nusu ya damu ya mama na nusu ya damu ya baba, kwa hivyo ukisema hii imezaliwa na ile, watu wa Nairobi wakiangalia damu kwa mashini, damu itakubali ama itakataa.

Sasa mtakumbuka 1985 ndigana, huu ugonjwa wa kupe, ilimaliza ng'ombe hapa mpaka watu wakachoka kuchuna ngozi, lakini kwa zizi ya Beldina, ng'ombe kumi na moja, hakuna hata moja ililala. Wakubwa wa mradi walisikia, wakataka kujua kama huo ugumu unatoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa sababu kama ni hivyo, mbegu ya hapa inaweza kusaidia watu mbali sana, na Zadock alifurahi mpaka akakosa kula, kwamba hicho kitu wanatafuta iko kwao nyumbani.

Agosti 1986 alikuja na bwana mkubwa wa mradi, ambaye waliita Daktari, na mwenzake wa kazi, Bwana Wepukhulu kutoka Bungoma, wakawekewa viti, na Zadock akauliza mama yake kwa heshima, mbele ya wageni na majirani waliosimama kwa ua, hizi ng'ombe zimetoka wapi. Beldina akasema zote kumi na moja ni tumbo la ng'ombe moja nyekundu, ile ililetwa mahari ya Benta, dada ya marehemu, mwaka 1963, akataja nani alizaa nani, gani ilizaliwa siku ya mvua ya mawe, gani ilikataa maziwa ya mama yake, mpaka Daktari akamwambia Zadock, mama yako ni kitabu. Zadock aliandika yote.

Na haikuwa kweli. Saba zilikuwa za mahari ya Benta, lakini nne zilikuwa za Absalom, ndugu ya Beldina, aliyezileta kutoka Seme mwaka 1979, siku ya soko, zikiwa zimechanganyika na za kuuza, kwa sababu watoto wa nyumba yake kubwa na wa nyumba ndogo walikuwa wanakaribia kupigana juu ya zizi, na aliona bora afiche hizo nne kwa dada yake, na Zadock akaambiwa ni za Benta zilikuwa zimewekwa kwa boma ingine, sasa zimerudi. Nyinyi nyote mnajua vile tunafanya hapa, ng'ombe ya kuwekewa na mtu, mwenyewe hatajwi, hata kwa mtoto wako wa kuzaa, kwa sababu jina ikitoka, kesi inaingia, na hakuna zizi ya Kano haina ng'ombe ya mtu mwingine, na hakuna mtu hapa atasimama aseme iko. Beldina hakuona kama anadanganya, aliona anaweka neno ya ndugu yake, na hakujua kwamba damu ya ng'ombe ni kitu inaweza kufika Nairobi ikaongea.

Iliongea. Mwanzo wa 1991 majibu ilirudi, saba zikakubali, nne zikakataa, pamoja na ndama zao tano zenye zilizaliwa baadaye, na Daktari akamuuliza Zadock, “Kama kwa zizi ya mama yako umechanganya chupa, kwa hizo boma zingine je?” Na kazi yote ya Awasi, ng'ombe zaidi ya mia mbili, ya miaka na miaka ya kutembea kwa jua, ikafungwa ikawekwa kando, na tarehe ishirini na tisa Machi 1991 akapewa barua ya kwenda nyumbani.

Alifika hapa na vumbi, akakuta mama yake anakunywa chai na Absalom mwenyewe, alikuwa amekuja kutembea, na Zadock akauliza kabla hajakaa, “Mama, hizi ng'ombe zote ni zetu?” Absalom akaangalia ndani ya kikombe. Beldina akasema, “Sasa unaniuliza maswali ya polisi kwa nyumba yangu, kwa sababu ya chupa?” Zadock akasema, “Basi ni mimi nilichanganya,” na hakuuliza tena mpaka leo amelala hapa.

Alifungua kibanda cha dawa za mifugo sokoni, na watu wakampatia jina Chupa, vijana wanapita wanasema, “Chupa, hii umenipatia ni ya kuku ama ya mbwa?” na yeye anacheka pamoja nao, lakini tangu hiyo siku hakuuza dawa bila kusoma karatasi yake mara mbili kwa sauti, yeye ambaye zamani alijua ng'ombe za watu wote kwa mkia. Absalom alikufa 1994, na Beldina angesema hapo, lakini watoto wa Absalom walianza kugombana kaburi ikiwa bado mbichi, akasema wacha ipoe kwanza, ikapita mwaka, ikapita mwingine.

Februari 1997 marehemu alianza kufura miguu, ikawa ni figo, akalazwa Kisumu mara tatu. Jumamosi tarehe sita Septemba sista alikuja kumtoa damu, na Zadock akamshika mkono akamwambia, “Sista, soma jina kwa hiyo chupa mara mbili tafadhali, mimi ni mtu wa kuchanganya.” Sista alicheka, akasoma mara mbili. Beldina alikuwa kwa benchi karibu na kitanda, maneno iko kwa mdomo, lakini Nelima, bibi ya mtoto wa Absalom, alikuwa amesimama hapo na chupa ya uji, na Beldina akasema kwa roho yake, Jumatatu nitakuja peke yangu. Jumatatu tarehe nane alikuja peke yake. Zadock alikuwa ameenda saa tatu asubuhi, kabla yeye hajashuka kwa gari.

Familia inashukuru madaktari na masista waliomhangaikia, majirani wa Awasi waliobeba maji na kuni, mama wa kanisa, watu wetu wa Obunga kule Kisumu waliofika juzi na bado hawajalala, wafanyakazi wa dipu, na Bwana Wepukhulu, ambaye miaka sita hakuacha kumtembelea. Watoto wa Absalom, mko hapo chini ya turubai, Beldina anawaona, ng'ombe zenu ziko, za baba yenu na zenye zilizaliwa, mje na wazee wawili baada ya mazishi mzichukue pole pole, mwachie Dorca zile za Benta, na Dorca, mama yako mkwe anakuomba msamaha mbele ya hawa watu wote.

Zadock, pumzika, mkono yako haikukosea.

Na Bwana Wepukhulu, kama hivyo vitabu vya mradi bado viko kwa kabati mahali, tafadhali mtafute mwenye anavishika umwambie nne zilitoka Seme, damu ilisema kweli na Zadock aliandika kile aliambiwa, na nyinyi wengine, mkifika kwenu, kwa wale hawakuweza kuja, msiseme tu tumemzika, mwaambie kwamba ni mama yake ndiye alidanganya.