Kanuni ya Kumi ya Benchi la Kyeshero

Enyi mlioketi nanyi mliosimama, nitegeeni sikio kabla kahawa haijapoa. Pale mtaani Kyeshero pana benchi la wanywa kahawa, ubao mmoja mrefu juu ya mawe meusi ya volkano, na ukutani nyuma yake kuna kibao cha kanuni tisa. Mgeni atakaye kuketi hukisoma kwanza kwa sauti, ndiyo desturi. Gentil, fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alikuwa amekunywa kahawa yake wima kwa wiki tatu, akiitamani nafasi na asithubutu kuikaribia.

Wenyeji wa benchi walikwisha kumjadili. Papa Luc, aitwaye Prefe kwa kuwa aliwahi kuongoza shule, alishikilia kwamba fundi ana kiburi. Cikuru, aitwaye Meteo kwa utabiri wake wa volkano usiotimia, alidai kuwa mgongo umemkauka kwa kuchonga. Kesho yake akasema fundi ameapa kutoketi mpaka mlima utulie. Siku ya tatu Gentil alikuwa tayari mpelelezi, ametumwa na benchi la Munigi kuupima ubao wao kwa macho.

Asubuhi moja Prefe akachoka.

— Gentil, ndugu yangu, soma basi ukae. Unatuzibia jua.

Fundi akakikumbatia kikombe kwa mikono miwili.

— Papa Prefe, kwangu herufi zinarukaruka kama panzi. Tangu masomo, kule Kalengera. Mwalimu alisema niko muvivu. Nilikuwa nabaki na kitabu mpaka giza, zinaruka tu.

Meteo akauliza kwa sauti ya chini:

— Na mbao unapima namna gani?

— Na hii kamba. Kila fundo iko na kazi yake.

Hapo akafika Vanessa, mshonaji aliyehamia mtaani majuzi, akaomba nafasi. Prefe, kwa mazoea, akamwonyesha kibao. Vanessa akakisogelea.

— Papa, naona tatu za kwanza tu. Zingine mvua ilifuta. Ile ya kusema mutu asome mbele ya kukaa, iko ya ngapi?

Prefe akakohoa. Meteo akautazama mlima. Hakuna aliyejua.

Ila Gentil alijua. Mwaka uliopita alichonga ng'ambo ya barabara, akawasikia wageni wakizisoma. Akazitoa zote bila kukwama, hata ile ya tano: anayetangaza kwamba volkano italipuka kesho, na isilipuke, anywe akisimama.

— Ya kusoma haimo kwa zile tisa, akamaliza.

— Ulijua, na ulisimama wiki tatu? akauliza Prefe.

— Nilikuwa nangojea mutu aniambie: kaa.

Prefe akasogea, jirani yake akasogea, Vanessa akapata pake, na ubao ukajaa. Ndipo Meteo akainuka, akajipangusa suruali.

— Kaa, fundi. Mimi niko wa kanuni ya tano.

Aliyenisimulia kwanza ni Mama Clotilde, mwenye birika, aliyemmiminia Gentil kikombe chake cha kwanza cha kuketi.