Mkosaji Aliyesahau

Kila Jumamosi, kabla jua halijakolea, wazee wanne walikutana kwenye benchi lililokuwa nje ya duka la dawa, wakaagiza kahawa, kisha wakalichambua swali moja mpaka libaki mifupa mitupu. Wapita njia waliwaita wanafalsafa kwa kejeli. Wao wakalipokea jina hilo kama haki yao. Kanuni yao ilikuwa moja: swali huletwa bila jina la mwenye kisa, na aliyelileta hunyamaza hadi wenzake wamalize. Asubuhi hiyo swali lilikuwa la Fundi Saa, naye alilitamka akiitazama birika badala ya kuwatazama wenzake: mtu akikukosea, kisha akazeeka akalisahau kosa lenyewe, je, bado anapaswa kukuomba radhi? Asichowaambia ni kwamba mkosaji alikuwa njiani kuja.

Refa, aliyefundisha michezo shuleni maisha yake yote, akaanza.

— Hapo hamna kesi. Akili ya mtu ikishapuliza kipenga cha mwisho, penalti unamdai nani?

— Usituletee viwanja vyako hapa, alisema Karani, mstaafu wa mahakama. Mimi nimeona washtakiwa wamesahau hata walikolala jana. Hukumu ikisomwa tu, kumbukumbu zote zinarudi mbio.

— Hao walikuwa waongo, bwana! alidakia Bibi Mkunga.

— Na huyu wa swali, umejuaje si mwongo?

Fundi Saa akauma mdomo. Hilo hasa ndilo lililomkosesha usingizi tangu mkwe wa Dereva, yule mkosaji mwenyewe, alipopita kwenye meza yake ya kazi. “Baba amehamia kwangu,” mama huyo alisema. “Kichwa hakimkai vizuri siku hizi, lakini jina lako analitaja. Jumamosi nitamleta pale kijiweni, msalimiane.”

Msalimiane! Dereva alikuwa rafiki aliyekula naye sahani moja. Zamani, siku mama yake Fundi alipokuwa mahututi, Dereva aliliondoa basi stendi huku Fundi akilikimbilia, begi begani, akiligonga ubavuni kwa kiganja. Basi halikusimama. Alipofika kwao kesho yake kwa gari jingine, aliwakuta watu wanarudi kutoka makaburini. Tangu siku hiyo hawakusemeshana, na Fundi alitaka neno moja tu kutoka kwake: akiri kwamba alimwona kwenye kioo. Sasa neno hilo lilikuwa likiyeyuka ndani ya kichwa cha mtu pekee aliyekuwa nalo.

— Watoto niliowapokea kwa mikono hii hawana idadi, alisema Bibi Mkunga. Hakuna aliyekuja duniani na kosa. Aliyesahau yote amezaliwa upya. Ni kichanga chenye mvi.

— Na mkewe je? aliuliza Refa. Aendelee kulala na kichanga?

— Amchumbie upya! Tena safari hii mwanamke ajibu akiwa na uzoefu.

Wakacheka, isipokuwa Fundi.

— Sikilizeni, Karani akainua kidole. Kosa lirithiwe kama shamba. Mkosaji akisahau, mwanawe mkubwa aape kwa niaba yake. Mwana akikosekana, jirani.

— Jirani! Refa akaruka. Nikaombe radhi kwa ugomvi wa yule jirani yangu? Nitalala saa ngapi mimi? Dawa ninayo: aliyekosewa naye asahau. Bila kwa bila, watu warudi nyumbani.

— Hawezi!

Fundi Saa alikuwa amekitua kikombe kwa kishindo, kahawa ikamwagikia magoti yake.

— Fundi, zamu yako bado, alisema Karani taratibu.

— Nimesema hawezi! Nyinyi mnacheza tu hapa. Mtu analala nalo, anaamka nalo, halafu mwenzake anaachiwa aende zake, hata kukiri hajakiri? Mzigo wa watu wawili abebe peke yake?

Kicheko kikawakauka. Bibi Mkunga akamtazama kwa jicho lililozoea kusoma maumivu.

— Kaka yangu, swali hili ni la nani?

Fundi akanyanyua macho. Ng’ambo ya barabara mwanamke mmoja alikuwa amemshika mzee kiwiko, wakivuka hatua kwa hatua.

— Shikamooni wazee wangu. Nimemleta baba.

— Marahaba, mwanangu. Karibuni.

Macho ya Dereva yakateleza juu ya Refa, yakampita Karani na Bibi Mkunga, yakafika kwa Fundi Saa yakakwama.

— Fundi!

Fundi akaikazia macho birika.

— Fundi, nilikuona kwenye kioo. Nikasema, huyu atapanda basi la nyuma yangu. Mama ulimkuta?

Karani akaviinamia viatu vyake. Maneno yote ambayo Fundi Saa alikuwa ameyanoa kwa ajili ya siku hiyo yalikuwepo, makali vilevile, lakini hakuna hata moja lililokuwa jibu. Akautafuta ujanja katika uso wa yule mzee. Hakuona ila hofu ya mtu asimamaye mlangoni pa chumba cha mgonjwa, akingoja habari.

— Nilimkuta, akasema.

— Alizungumza?

— Alizungumza.

— Afadhali! Roho yangu ilikuwa juu juu.

Dereva akashusha pumzi, akaketi kando yake. Wakammiminia kahawa. Bibi Mkunga akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio, na Karani akanong’ona kwamba, kwa maoni yake, swali la leo limefungwa.

Dereva akanywa funda moja. Akaitazama barabara. Akalitazama benchi kama mtu aliyefika sasa hivi, kisha akamgeukia wa kando yake, uso umemjaa wasiwasi uleule.

— Fundi! Nilikuona kwenye kioo. Mama ulimkuta?